Nyimbo zilezile, hadithi nyingine: mpangilio wa albamu ya kuachana

Mara ya kwanza kuisikiliza 21, albamu ya kuachana ya Adele, mwimbaji wa Uingereza, niliisikiliza kwa kufuata alfabeti, na sikujua. Nilikuwa nimepeleka memori kadi yangu kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, kijana akanijazia nyimbo za kila aina, na simu niliyokuwa nayo wakati ule ikazipanga zote kwa herufi ya kwanza ya jina. Kwa hiyo kwangu albamu ile ilianza na "Don't You Remember", ikafuata "He Won't Go", halafu "I'll Be Waiting", "Lovesong", "One and Only", ndipo "Rolling in the Deep" ikaangukia katikati, na mwisho kabisa "Turning Tables". Nikamjua mwanamke anayeanza kwa kubembeleza, anapandwa na hasira katikati ya safari, kisha anafungasha na kuondoka. Simu ikifika mwisho ilirudi mwanzo yenyewe, na yule aliyekuwa ameshaondoka sekunde chache tu nyuma anaanza kubembeleza upya. Niliishi na hadithi hiyo karibu miaka miwili, na niliipenda.

Kisha shemeji yangu akaja na CD yenyewe, yenye kasha na karatasi ya jalada. Tukaiweka kwenye redio ya sebuleni. Ikatangulia "Rolling in the Deep", ngoma zikipiga kama mtu anayepanda ngazi kwa kishindo. Nikamwambia, "Shemeji, umeruka nyimbo." Akageuza kasha, akaniwekea kidole kwenye orodha ya nyuma. "Sijaruka, shemeji. Hivi ndivyo alivyozipanga mwenyewe." Tukasikiliza mpaka "Someone Like You", piano na sauti peke yake, na ulipoisha nikaelewa kwamba yule mwanamke niliyemjua kwa miaka miwili hakuwahi kuwepo. Nyimbo ni zilezile 11, maneno ni yaleyale, sauti ni ileile. Kilichobadilika ni wimbo gani unaufuata upi.

Tangu siku hiyo jambo hili halijaniachia. Watu wengi wanaamini mpangilio wa nyimbo ni kazi ya mwisho ya ofisini: weka wimbo uliovuma mbele, mzito katikati, mpole mwishoni, biashara imekwisha. Kwa albamu ya kucheza muziki huenda hilo likatosha, maana anayecheza anahitaji tu kupandishwa na kushushwa. Albamu ya kuachana ina tabia nyingine. Nyimbo zake zote zinazunguka tukio moja, kwa hiyo sikio linaziunganisha lenyewe. Wimbo wa pili unasikika kama siku iliyofuata baada ya wimbo wa kwanza. Anayesikiliza haachi kujiuliza: sasa amefika wapi? Bado anampenda? Amekwishajua? Hakuna mstari hata mmoja unaomwambia kwamba wimbo wa tano ulitokea baada ya wa nne, lakini ndivyo anavyosikia, na msanii anajua kwamba ndivyo atakavyosikia.

Tuanze na hiyo hiyo 21, iliyotoka Januari 2011, kwa sababu historia ya kuandikwa kwake inajulikana vizuri na haifanani kabisa na tunachosikia. Wimbo wa kwanza kuandikwa ulikuwa "Take It All". Adele aliuandika mwaka 2009 akiwa bado na yule mpenzi, akamsikilizisha, wakagombana vibaya, na ugomvi huo ndio uliomaliza uhusiano wa miezi 18. Siku moja tu baada ya kuachana alikuwa studio na mtayarishaji Paul Epworth, na hapo ndipo ilipozaliwa "Rolling in the Deep". Sauti tunayoisikia ndani yake kwa sehemu kubwa ni ile ya kurekodi kwa majaribio, kwa sababu walipojaribu kuirudia hasira haikurudi. "Someone Like You" ilikuja mwishoni, Marekani, akiwa na mtunzi Dan Wilson, baada ya kupata habari kwamba yule mwanaume amemchumbia mwingine.

Sasa angalia alichofanya. Ncha mbili za albamu aliziacha zifuate ukweli: hasira ya siku ya kwanza mwanzoni, habari ya uchumba mwishoni. Lakini "Take It All", wimbo uliotangulia yote, wimbo uliovunja nyumba yenyewe, aliuweka wa 7. Ungewekwa wa kwanza, albamu ingekuwa kesi yenye mpangilio wa polisi: tulikuwa pamoja, nikatoa kila kitu, tukagombana, tukaachana. Ukiwa wa 7 unakuja baada ya "Set Fire to the Rain" na "He Won't Go", msikilizaji ameshamwona mtu huyu akifoka na kuunguza, kisha ghafla anasikia sauti ya mtu anayejitoa mzima. Haisikiki tena kama mwanzo wa ugomvi. Inasikika kama kumbukumbu inayokuja saa nane usiku, baada ya wiki kadhaa za kujidai umepona. Aliyewahi kuachwa anajua kwamba kumbukumbu haiji kwa zamu yake. Inakuja pale ulipodhani umeshavuka mto.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni wimbo wa 10, "Lovesong". Huo si wa Adele. Ni wimbo wa kundi la The Cure la Uingereza, wa mwaka 1989, na mwimbaji wake Robert Smith aliuandika kama zawadi ya harusi kwa mke wake. Soma maneno yake peke yake na utaona furaha tupu: mtu akiwa na mwenzake anajisikia yuko nyumbani, na anaahidi kumpenda siku zote. Adele hakuugeuza maneno. Aliupunguza mwendo, akaupa gitaa laini, na akauweka nafasi ya mwisho kabla ya mwisho. Jirani yake wa kulia ni "Someone Like You", wimbo wa mwanamke anayebisha hodi kwa mtu aliyekwishapata mwingine. Kwa hiyo ahadi ya bwana harusi inageuka kuwa ahadi ya mtu ambaye hakuna tena anayeihitaji. Hakuna neno lililobadilishwa, ila ujirani. Kwenye simu yangu "Lovesong" ulikuwa wa nne, katikati ya "I'll Be Waiting" na "One and Only", nyimbo mbili za matumaini, na mimi nikauhesabu kuwa wimbo wa tumaini kama wenzake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa maoni yangu. Wimbo una maana yake, lakini katika albamu maana hiyo inaegemea ukuta wa jirani. Hata nyimbo ambazo hazikuandikwa juu ya kuachana zinavutwa ndani. "Rumour Has It", wa pili kwenye 21, aliuandika akiwalenga marafiki zake mwenyewe waliokuwa wakibeba na kuamini umbea juu yake. Ukiwekwa mara tu baada ya "Rolling in the Deep", nani atafikiria marafiki? Tunasikia mwanamke akimfuatilia yule bwana na mpenzi wake mpya mtaani. Msanii hakudanganya mtu. Aliuweka wimbo mahali, nasi tukamalizia.

Hali inakuwa ngumu zaidi wanaoachana wanapokuwa bendi moja. Mwaka 1977 kundi la Fleetwood Mac lilitoa Rumours. Lindsey Buckingham, mwanaume mpiga gitaa, na Stevie Nicks, mwanamke mwimbaji, walikuwa wameachana. Christine McVie na mumewe John, mpiga besi, walikuwa wanapeana talaka. Ndoa ya Mick Fleetwood, mpiga ngoma, nayo ilikuwa inavunjika. Watu hao watano wakaingia studio na kuimba kila mtu malalamiko yake, huku aliyelalamikiwa akiwapigia ala. Christine aliandika wimbo wa kumsifu mpenzi wake mpya, "You Make Loving Fun", na besi inayoubeba wimbo huo inapigwa na John.

Kila nikiisikiliza Rumours najiona kama mzee aliyeitwa kusuluhisha kesi ya ndoa. Amekaa kwenye mkeka, pande zimeketi, na kila mmoja anapewa nafasi ya kusema. Wote tunajua katika vikao vile si maneno pekee yanayoamua. Nani ameanza, nani ameruhusiwa kujibu, nani ameachiwa neno la mwisho, hayo yanaamua pia. Upande A wa Rumours unaanza na Lindsey, "Second Hand News", kachangamka mno kwa mtu anayesema ameachwa. Anafuata Stevie na "Dreams", mpole, karibu anamwombea heri. Lindsey anarudi na "Never Going Back Again". Inapita "Don't Stop" ya Christine, halafu Lindsey tena: "Go Your Own Way", gitaa likiwaka na shutuma moja ndani yake ambayo Stevie alilalamika kwa miaka mingi kwamba si ya kweli. Hesabu: upande mmoja wa santuri, Lindsey amesema mara 3, Stevie mara 1.

Jibu la Stevie lilikuwepo. Liliitwa "Silver Springs", wimbo wa taratibu wa karibu dakika nne na nusu, ambao mwanamke anamwambia mwanaume kwamba sauti yake itamfuata popote aendapo. Ukaondolewa. Mick Fleetwood ndiye aliyempa habari, nje, kwenye maegesho ya magari, na Stevie ameeleza mara nyingi jinsi alivyopiga kelele. Sababu aliyopewa ilikuwa nafasi: wimbo mrefu, santuri imejaa. Mahali pake ukawekwa "I Don't Want to Know", wimbo mwepesi wa dakika tatu na kidogo, ambao Stevie aliuandika kabla ya yote hayo. Nao "Silver Springs" ukapelekwa nyuma ya santuri ndogo ya "Go Your Own Way". Fikiria hilo: jibu lake likakaa mgongoni mwa shutuma yenyewe, ukilitaka ugeuze sahani. Lilisikika sawasawa kwa watu wengi miaka 20 baadaye, mwaka 1997, bendi iliporudi jukwaani kurekodi The Dance, na katika picha za onyesho lile Stevie anamgeukia Lindsey na kumwimbia usoni. Mwaka 1977 wasuluhishi, yaani sisi, tulitoa hukumu bila kumsikia upande wa pili.

Suala la nafasi halikuwa kisingizio kitupu, na inafaa kulieleza kwa sababu limeunda hisia za albamu nyingi kuliko tunavyodhani. Santuri kubwa inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, bila kubadilika. Kila mzunguko unachukua sekunde 1.8, sindano ikiwa ukingoni au karibu na katikati. Lakini duara la ukingoni ni refu, na la ndani kabisa halifikii hata nusu yake. Sauti ileile ya sekunde 1.8 inabanwa kwenye mfereji mfupi, na sauti kali, kama za matoazi na herufi "s" za mwimbaji, zinaanza kukwaruza. Tena ukizidisha dakika 22 hivi kwa upande, mifereji inabidi ibanane na sauti nzima inapungua nguvu. Ndiyo maana watayarishaji wa zamani walizoea kuweka nyimbo za kishindo mwanzoni mwa upande na nyimbo za utulivu mwishoni. Fizikia ya sindano ikawa desturi ya moyo: tumezoea huzuni ije ikiwa na piano, mwishoni, baada ya makelele.

Na Rumours inaitumia desturi hiyo kwa ustadi. Upande A unaisha na "Songbird": Christine na piano yake, wimbo uliorekodiwa usiku kwenye ukumbi mtupu wa chuo kikuu cha Berkeley. Baada ya ugomvi wote, mtu mmoja anamtakia mwenzake mapenzi mema. Sindano inafika katikati, kimya. Msikilizaji anatakiwa ainuke, ashike sahani kwa kingo, aigeuze, aishushe sindano tena. Katika sekunde hizo anaweza kuamini kwamba wamepatana. Kisha inaanza "The Chain", ngoma ikigonga peke yake, wimbo pekee kwenye albamu ulioandikwa kwa majina ya wote watano, na ndani yake ni kiapo na laana kwa pamoja. Siku hizi, mtandaoni, kati ya "Songbird" na "The Chain" hakuna kitu, sekunde mbili labda. Yale mapatano mafupi yaliyokuwa yanatokea mikononi mwa msikilizaji hayapo. Tuliokulia kwenye kanda tunakumbuka kitu kama hicho: upande A umekatika, kitufe kimeruka, chumba kimya, na unachelewa kidogo kabla ya kugeuza.

Pwani tumelijua hili kwa njia yetu. Onyesho la taarabu la Zanzibar kwa desturi linafunguliwa na bashraf, muziki mtupu usio na maneno. Hakuna mwimbaji anayesimama moja kwa moja na kulia ya moyoni. Fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, vinapita kwanza, watu wanakaa, wanatulia, sikio linalainika, ndipo mwenye lake analitoa. Wimbo uleule wa kumwaga donge, ukiimbwa watu bado wanatafuta viti, unapotea hewani.

Kuna wanaoamini kwamba njia ya haki kabisa ni kupanga nyimbo kwa tarehe na kuacha maisha yajisimulie. Mwimbaji Björk wa Iceland alifanya hivyo kwenye Vulnicura, mwaka 2015, albamu ya kuachana kwake na msanii Matthew Barney. Katika maandishi ya jalada nyimbo 6 za kwanza zina muda wake: "Stonemilker", miezi 9 kabla ya kuachana, "Lionsong", miezi 5 kabla, "History of Touches", miezi 3 kabla, "Black Lake", miezi 2 baada, "Family", miezi 6 baada, "Notget", miezi 11 baada. Inaonekana kama shajara, kama vile hakupanga chochote.

Tazama tena tarehe hizo. Kutoka miezi 3 kabla mpaka miezi 2 baada. Miezi 5 haipo. Siku yenyewe ya kuachana haina wimbo. Tunamsikia akiwa macho usiku karibu na mtu ambaye bado ni wake, katika wimbo mfupi usio na ala hata moja ya nyuzi kama fidla, kisha tunamsikia akiwa ameshazama. Kilichotokea katikati kiko kwenye ule ukimya kati ya wimbo wa 3 na wa 4. Naamini huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote kwenye albamu ile, na hauna sauti.

Na "Black Lake" wenyewe unaendeleza ukimya huo. Una dakika 10 hivi. Nyuzi zinaingia pole pole, anaimba ubeti, kisha anaacha, na nyuzi zinabaki zimeshika sauti moja, hazisogei, muda mrefu mpaka unatazama simu kama imekwama. Anaimba ubeti mwingine. Nyuzi zinashika tena. Anayeusikiliza akiwa mzima anaweza kuchoka. Aliyepitia miezi ile ya kukaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi anaujua urefu wake. Ungewekwa wa kwanza, ungemfukuza msikilizaji. Ukiwa wa 4, msikilizaji amekwishamwona mwanamke huyu akiomba uwazi, akitumaini, akigusa mara za mwisho, kwa hiyo anakaa naye.

Halafu angalia kinachotokea baada ya mwezi wa 11. Nyimbo 3 za mwisho hazina tarehe. "Mouth Mantra", mmoja wao, unahusu hata jambo lingine, upasuaji wa koo lake. Kalenda imekatika. Björk hakuandika wimbo wa kutangaza kwamba amepona. Aliacha kuhesabu miezi, na hilo liko kwenye jalada kwa yeyote atakayesoma.

Hapa niseme jambo ambalo huwa linanikera ninaposoma makala za muziki. Kila albamu ya kuachana inapotoka, watu wanaibandika zile hatua 5 za huzuni: kukana, hasira, kubembeleza, sonona, kukubali. Hatua hizo zilitolewa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, na alizitoa kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Hazikuwa ramani ya wapenzi, na hata kwa wafiwa haziji kwa foleni. Beyoncé, kwenye filamu ya Lemonade ya mwaka 2016, aligawa hadithi ya usaliti katika sura 11 zenye majina, kwa mpangilio wake mwenyewe: machale, kukana, hasira, kutojali, utupu, uwajibikaji, na kuendelea mpaka msamaha, tumaini na ukombozi. Mashairi yanayounganisha sura hizo ni ya Warsan Shire, Msomali aliyezaliwa Nairobi na kukulia London. Kinachonigusa ni mahali alipowekwa baba. "Daddy Lessons", wimbo kuhusu baba na alichomfundisha binti, ni wa 6, baada ya utupu. Ungetangulia, ungekuwa utetezi: nimekuwa hivi kwa sababu ya baba. Ukija pale, baada ya mtu kupiga kelele, kudharau na kuishiwa, ni swali la mtu aliyetulia na kuanza kufukua: hili limetoka wapi? Kukana na hasira havikumfikisha hapo. Utupu ndio uliomfikisha.

Sijawahi kusikia mpangilio wenye ujasiri kama wa Marvin Gaye, mwimbaji wa Marekani. Alipoachana na Anna Gordy, dada wa mwenye kampuni ya Motown iliyokuwa inamrekodi, hakuwa na fedha za kumlipa, ikakubaliwa kwamba Anna apate dola 600,000 kutokana na mapato ya albamu yake inayofuata. Albamu hiyo, Here, My Dear, ya Desemba 1978, santuri mbili nzima, akaifanya iwe juu ya ndoa yenyewe. Wimbo wa 3 una jina ambalo ni swali: uliacha lini kunipenda, na mimi niliacha lini kukupenda? Swali linaulizwa, halijibiwi, zinafuata hasira, hesabu za mawakili, maombi, kumbukumbu. Kwenye upande wa tatu wimbo uleule unarudi bila maneno, ala tupu, kama mtu aliyechoka kuuliza lakini bado anawaza. Upande wa nne anaimba kwamba amependa tena, "Falling in Love Again", na msikilizaji anashusha pumzi: basi, amevuka. Kisha, baada ya mapenzi mapya, kipande kifupi cha mwisho cha albamu nzima: lile swali tena. Geuza nyimbo hizo mbili za mwisho na utapata mwanaume aliyepona. Alizipanga alivyozipanga, na mwaka ule watu wengi hawakuipenda albamu hiyo.

Wasanii wa leo wanapigania kitu kilichokuwa cha bure enzi za kanda. Novemba 2021 Adele alitoa 30, albamu ya talaka yake, na akaiomba Spotify, kampuni ya kusikilizisha muziki mtandaoni, iache kuweka kitufe cha kuchanganya nyimbo kuwa ndicho cha kwanza kwenye ukurasa wa albamu. Wakakubali, na wakabadilisha kwa albamu zote, si yake tu. Alisema hilo ndilo ombi lake pekee katika tasnia hiyo inayobadilika kila siku. Ukiisikiliza 30 kwa utaratibu unaelewa alichoogopa kupoteza. Wa pili ni "Easy on Me", anaomba asihukumiwe kwa kuondoka. Wa tatu ni "My Little Love", wenye sauti zilizorekodiwa nyumbani, yeye na mtoto wake wakizungumza, na mwishoni yeye peke yake akilia. Ombi la wimbo wa pili linapata mtu wa kulisikia: mtoto ambaye hakuombwa ruhusa. Mara tu baada ya kilio kile unaingia "Cry Your Heart Out", wenye mdundo wa kuchezesha mabega, na kwa sekunde chache mwili haujui ufanye nini. Changanya nyimbo, na sauti ya yule mtoto inaweza kukuangukia baada ya wimbo wa mapenzi mapya, au mwisho kabisa, au isikufikie ukiwa umeshuka kwenye daladala. Ombi la mama litabaki linaelea, haliombwi kwa mtu yeyote.

Nimejaribu kuirudisha ile 21 ya alfabeti, kwa makusudi, wiki iliyopita. Nilitengeneza orodha, nikaanza na "Don't You Remember". Yule mwanamke wangu wa zamani alikuwepo bado, anabembeleza, anafoka, anaondoka na "Turning Tables", na simu ikarudi mwanzo, akaanza kubembeleza tena. Nilikuwa na miaka 20 na kitu nilipomjua, na nilikuwa nafanya vilevile kwa mtu fulani, kila wiki.

Kisha nikaiweka kama ilivyopangwa. "Someone Like You" ukafika mwisho, mlio wa mwisho wa piano ukafifia, na kabla sijavuta pumzi programu ikaniwekea wimbo wa mtu mwingine kabisa, uliochaguliwa na mashine, wenye ngoma. Kuna mahali pa kuzuia hilo, ndani ya mipangilio ya programu, kwenye sehemu ya uchezaji: kuna kitufe cha kuendeleza nyimbo zinazofanana. Nimekizima.